Kupwa si kukauka: neno la pwani linapofika Kanda ya Ziwa

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

MWANAFUNZI wa Shinyanga au Geita hujifunza darasani maneno "kujaa na kupwa", pengine miaka mingi kabla ya kuiona bahari. Ziwa Victoria, maji makubwa kuliko yote anayoyajua, halijai wala halipwi kwa namna inayoonekana kwa macho, kwani ni dogo mno kuitikia mvuto wa mwezi kama bahari inavyouitikia.

Kupwa ni maji ya bahari kurudi nyuma na kuacha ufuko wazi. Katika mwambao wa Tanzania hutokea mara 2 katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hupwa mbali zaidi, nazo huitwa bamvua. Mwezi ukiwa nusu tofauti huwa ndogo, na hayo ndiyo maji mafu.

Mzizi wake ni -pwa, kitenzi cha silabi moja kama -la na -ja, ndiyo maana husemwa "maji yamekupwa" lakini "maji hupwa". Humo ndimo lilimotoka jina pwani, yaani mahali maji yanapopwa. Kwa hiyo hata mkazi wa Kahama anayetaja Mkoa wa Pwani amelitamka neno hili bila kulitambua. Chombo kilichoachwa mchangani na maji hayo kimepwelewa, na aliyekaukiwa sauti husemwa amepwelewa na sauti.

Kwa watu wa mwambao, maji kupwa si hasara bali ni saa ya kazi. Kinamama hushuka kutafuta pweza na chaza, na wakulima wa mwani wa Zanzibar hufunga na kuvuna mashamba yao wakati huo. Wote wanajua maji yatarudi lini.

Utata huanza neno likihamishiwa Kanda ya Ziwa. Kati ya mwaka 2004 na 2006 kina cha Ziwa Victoria kilishuka sana, na ufuko ukasogea mbali na mialo ya samaki. Kusema ziwa "limekupwa" kungependeza masikioni, lakini kungeficha jambo kubwa. Ukame ulikuwa sababu moja. Nyingine ilikuwa maji mengi kuliko kawaida kufunguliwa Jinja, Uganda, kwa ajili ya kufua umeme. Bahari ikipwa hakuna wa kuulizwa. Ziwa likipungua, wapo wa kuulizwa.

Ni kweli kwamba maji yalirudi, na Mei 2020 ziwa likavuka kiwango cha juu kilichowekwa mwaka 1964, likafurika makazi ya kandokando. Hata hivyo, hiyo haikuwa kazi ya mwezi. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hilo hutokana na mvua inayonyesha juu yake, na mvua haina ratiba ya bamvua.

Kwa Shinyanga hili si suala la sarufi tu. Maji ya bomba ya Kahama na Shinyanga huvutwa kutoka ziwani, katika chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi, hivyo kina cha ziwa kinawahusu watu wanaoishi mbali na ufuko. Mfugaji ambaye lambo lake limebaki tope wakati wa kiangazi naye hana kupwa. Lake limekauka, na ng'ombe lazima wahamishwe.

Matumizi ya kitamathali yanakubalika zaidi. Bei ya dhahabu, inayotazamwa Geita kama mvuvi atazamavyo mwezi, ilivuka dola 1,900 kwa wakia mwaka 2011, ikapwa hadi karibu dola 1,050 mwishoni mwa mwaka 2015, kisha Oktoba 2025 ikavuka dola 4,000. Hapo picha ya kujaa na kupwa inafaa, ila aliyekopa ili kuchimba asitarajie saa ya bei kurudi.

Ndani ya duara la wachimbaji wadogo neno hili halifai kabisa. Maji ya shimoni huvutwa kwa pampu. Pampu ikizimika, au mvua ikinyesha usiku, hurejea bila kungoja saa 6 zinazotenganisha kujaa na kupwa baharini, na huenda mtu yuko chini.