Dawa za Moyo: Ghali Si Lazima Iwe Bora

Ami yangu aliandikiwa dawa nne baada ya moyo wake kushindwa kusukuma damu sawasawa. Moja ilikuwa ya bei kubwa. Familia tukachangishana tukainunua hiyo kwanza, tukiamini kuwa ghali ndiyo yenye nguvu. Zile za bei ndogo zikangoja. Mwezi wa tatu pesa zikaisha, miguu ikavimba tena, akalazwa.

Kosa hili liko katika nyumba nyingi, na halihusu wazee peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na chanzo kikubwa ni presha. Huo ni umri wa mtu anayetegemewa na watu.

Wataalamu hupimaje thamani ya dawa? Huuliza maswali mawili: inaongeza gharama kiasi gani, na inaongeza uzima kiasi gani? Tuseme, kwa mfano tu, dawa mpya inaongeza gharama ya shilingi 200,000 na kumpa mgonjwa nusu mwaka zaidi wa maisha yenye afya. Basi mwaka mmoja wa uzima umegharimu shilingi 400,000. Uingereza, taasisi ya NICE kwa miaka mingi ilitumia kipimo cha pauni 20,000 hadi 30,000 kwa mwaka kama huo. Lakini kule serikali ndiyo hulipa. Kinachoitwa nafuu London chaweza kuifilisi familia ya Likoni inayolipa kutoka mfukoni.

Sasa tutazame dawa zenyewe. Mwaka 1987, wagonjwa waliokuwa na hali mbaya sana walijaribiwa enalaprili. Ndani ya miezi 6, vifo vilishuka kutoka 44 hadi 26 kwa kila wagonjwa 100. Mwaka 1999, spironolaktoni ilishusha vifo kutoka 46 hadi 35 kwa kila 100 katika muda wa kama miaka miwili. Mwaka huohuo bisoprololi nayo ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja. Hizi ni dawa za zamani, hutengenezwa na viwanda vingi, na ndiyo sababu bei yake ni ndogo. Tumezoea kusema rahisi ni ghali, lakini hapa methali hiyo haifai.

Dawa mpya nazo zina faida. Mwaka 2019, dapagliflozini ilipunguza waliozidiwa au kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kutoka 21 hadi 16 kwa kila 100, katika muda wa kama miezi 18. Lakini wengi wa wagonjwa wale walikuwa tayari wanatumia dawa za zamani. Faida ile ilipatikana juu ya msingi. Sisi tulinunua paa kabla ya kuta.

Gharama nyingine hujificha. Spironolaktoni yahitaji kupimwa damu, kuangalia potasiamu na figo. Kipimo hicho ni sehemu ya bei ya dawa. Furosemidi hutoa maji mwilini na kumpa mgonjwa nafuu ya kupumua, lakini haijathibitishwa kurefusha maisha, kwa hivyo isichukue nafasi ya zile nyingine.

Ukiandikiwa orodha usiyoimudu, usichague mwenyewe pale kaunta, wala usiache dawa kimyakimya. Rudi kwa daktari umwambie ukweli: "Kwa mwezi naweza kiasi hiki." Kisha muulize ni zipi zisizokosekana hata siku moja, ipi ina mbadala wa bei nafuu, na vipimo gani vinahitajika. Si aibu kuuliza. Aibu tuliyoiona sisi ndiyo iliyotupeleka wodini.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu.