Nomoi: Sheria, Miungu na Mji wa Magnesia

Nomoi (maana yake kwa Kigiriki ni "Sheria") ni kitabu cha mwisho na kirefu kuliko vyote alivyoandika Plato, mwanafalsafa wa Athens aliyezaliwa mnamo 428 KK na kufariki mnamo 348 KK. Kina sehemu 12, ambazo kila moja huitwa kitabu, na kimetungwa kwa mtindo wa mazungumzo. Wazee watatu wanaujenga kwa maneno mji ambao bado haupo, Magnesia, na kuutungia sheria za ndoa, mirathi, biashara, elimu, mazishi na ibada. Wengi humjua Plato kwa Politeia, kitabu chake kinachotaka wanafalsafa wawe wafalme. Lakini anayetaka kujua mawazo yake juu ya sheria, dini na dola bora yaliishia wapi hana budi kuisoma Nomoi. Humo ndimo alimoyaweka mambo hayo matatu chini ya paa moja, na humo ndimo yanamogombana.

Safari ya siku moja

Mazungumzo yanafanyika katika kisiwa cha Krete, siku ndefu kuliko zote za mwaka. Mzee mmoja wa Athens asiyetajwa jina, Kleinias wa Knossos na Megillos wa Sparta wameshika njia kwa miguu kutoka Knossos kwenda kwenye pango na hekalu la Zeus, wakipumzika kivulini kila jua linapokuwa kali. Socrates, msemaji mkuu katika vitabu vingi vya Plato, hayumo. Neno la kwanza kabisa la kitabu ni theos, yaani mungu: mzee wa Athens anawauliza wenzake kama sheria za kwao zinasemwa kuwa zililetwa na mungu au na mwanadamu. Kleinias hasiti. Za Krete zililetwa na Zeus, na za Sparta, kwa kadiri anavyowajua Wasparta, zililetwa na Apollo. Wakrete walisimulia kwamba Minos, mfalme wao wa kale, alikuwa akienda kwa baba yake Zeus kila mwaka wa tisa na kurudi na maagizo.

Plato hakukichagua kisiwa hicho kwa bahati. Krete ilisifika kwa sheria zake, na ushahidi wa sifa hiyo upo mpaka leo. Huko Gortyn kuna ukuta uliochongwa sheria katikati ya karne ya 5 KK, zaidi ya mistari 600, unaoeleza mambo ya talaka, urithi, watumwa na watoto wa kuasiliwa.

Swali la mzee wa Athens lilikuwa limewasumbua Wagiriki kwa muda mrefu. Neno lao nomos lilibeba maana ya sheria na ya desturi kwa pamoja. Walimu wa kulipwa walioitwa wasofisti waliuona utofauti wa desturi kati ya mji na mji, na baadhi yao wakahitimisha kwamba sheria ni makubaliano ya watu tu, na kwamba maumbile hayaijui. Mmoja wao, Protagoras, alifundisha kuwa mwanadamu ndiye kipimo cha vitu vyote. Jukwaani, Sophocles alimwonyesha Antigone akimzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme, kwa kutii sheria za miungu zisizoandikwa. Kisha, mwaka 399 KK, mahakama ya Athens ilimhukumu Socrates kifo kwa kutoikubali miungu ya mji na kuwapotosha vijana. Plato alikuwa na umri wa miaka 28 hivi, na mtu aliyenyweshwa sumu alikuwa mwalimu wake.

Baadaye Plato alisafiri mara tatu kwenda Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, akitumaini kwamba mtawala wa huko angesikiliza falsafa. Hakufanikiwa. Rafiki yake Dion, aliyejaribu kuusimamisha utawala bora katika mji huo, aliuawa mwaka 354 KK. Nomoi imeandikwa na mzee aliyekwisha kuyaona hayo yote. Hatumaini tena kumpata mwanafalsafa wa kukabidhiwa mji bila mipaka. Anasema wazi kwamba mahali ambapo sheria iko chini ya watawala, maangamizi hayako mbali, na mahali ambapo watawala ni watumwa wa sheria, mji husalimika. Protagoras naye anajibiwa humu humu: kipimo cha vitu vyote, asema mzee wa Athens, ni mungu kuliko mwanadamu yeyote.

Mji wa familia 5040

Mwishoni mwa kitabu cha tatu Kleinias anafichua kwamba yeye ni mmoja wa watu kumi waliopewa na Knossos kazi ya kuanzisha makazi mapya. Kuanzia hapo mazungumzo yanageuka kuwa kazi ya kutunga katiba.

Magnesia itakuwa mbali na pwani kwa stadia 80, kama kilomita 14 hivi, kwa kuwa Plato aliiogopa bandari: aliona kwamba biashara ya baharini huijaza mioyo ya watu ujanja na kutoaminiana. Familia zitakuwa 5040, zisiongezeke wala kupungua. Namba hiyo ina wagawanyo wengi mno. Hugawanyika bila baki kwa kila namba kutoka 1 hadi 10, na pia kwa 12, jambo linalorahisisha kugawa ardhi, kodi na vikosi vya jeshi. Wananchi watagawanywa katika makabila 12, kila moja chini ya mungu wake. Kila familia itapata kipande cha ardhi chenye sehemu mbili, moja karibu na mji na nyingine upande wa mpakani, ili wote wawe na sababu ya kuulinda mpaka. Ardhi hiyo haiuzwi, nayo hurithiwa na mtoto mmoja tu. Dhahabu na fedha haziruhusiwi mikononi mwa watu. Mali nyingine inaweza kuongezeka, lakini ikizidi mara nne ya thamani ya shamba la asili, ziada huenda kwa dola na kwa miungu.

Vyeo hupatikana kwa kura. Kuna baraza la watu 360, na walinzi wa sheria 37 wasiopungua miaka 50 na wasiovuka 70 wakiwa kazini. Kuna pia wakaguzi wanaowahoji viongozi juu ya matendo yao, na hata hakimu anaweza kushtakiwa kwa hukumu yake. Cheo kikubwa kuliko vyote si cha jemadari wala cha mweka hazina. Ni cha msimamizi wa elimu, na wasichana wanasoma na kufunzwa silaha kama wavulana. Kwa Athens ya wakati ule, ambako binti wa raia alifungiwa nyumbani, huo ulikuwa msimamo wa kishujaa.

Tabibu wawili

Fikra iliyo bora kuliko zote katika Nomoi imo katika kitabu cha nne. Mzee wa Athens anawasimulia wenzake juu ya tabibu wa aina mbili. Wa kwanza ni mtumwa anayetibu watumwa. Huyu hukimbia kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, hamwelezi mtu chochote wala hasikilizi maelezo yake, hutoa amri kama dikteta kisha huyo, ameondoka. Wa pili ni tabibu huru anayetibu watu huru. Hukaa na mgonjwa, humuuliza ugonjwa ulivyoanza, huzungumza na ndugu zake, hujifunza kutoka kwake na kumfundisha. Haandiki dawa yoyote kabla mgonjwa hajaridhika.

Watunga sheria wote, asema mzee huyo, wamekuwa kama tabibu wa kwanza: fanya hivi, usipofanya utaadhibiwa. Sheria za Magnesia zitakuwa na sehemu mbili, amri na dibaji yake. Hapa Plato anacheza na lugha, kwa sababu nomos kwa Kigiriki ni pia jina la aina ya wimbo, na wimbo hutanguliwa na muziki wa kuliandaa sikio, kama bashrafu inavyoitangulia taarabu. Mfano wake wa kwanza ni sheria ya ndoa. Amri tupu inasema mwanamume aoe kati ya miaka 30 na 35, la sivyo alipe faini kila mwaka na kuvunjiwa heshima. Dibaji inamweleza kwamba wanadamu hushiriki umilele kwa kuacha watoto na wajukuu, na kwamba anayejinyima hilo kwa makusudi anajinyima kitu kitakatifu.

Plato anadai kwamba hakuna aliyewahi kusema hivi kabla yake: kwamba raia anastahili kuelezwa sababu ya sheria kabla ya kutishwa kwa adhabu yake. Ni heshima kubwa kwa mwanadamu, na inaumiza kuona ilivyopunguzwa na mwenyewe aliyeibuni. Mashamba ya Magnesia yanalimwa na watumwa, na Plato anasema waziwazi kwamba mtumwa asemeshwe kwa amri. Dibaji hazikuandikwa kwa ajili yake.

Kitabu cha kumi

Kila sheria ya Magnesia inasimama juu ya imani kwamba miungu ipo na ni ya haki. Kwa hiyo sheria dhidi ya kuikosea miungu ndiyo yenye dibaji ndefu kuliko zote; inachukua karibu kitabu kizima cha kumi. Plato anataja makosa matatu: kuamini kwamba miungu haipo, kuamini kwamba ipo lakini haijali mambo ya watu, na kuamini kwamba inajali lakini inaweza kuhongwa kwa sadaka na dua. La tatu analiona kuwa baya kuliko yote, kwani linamfanya mungu kuwa kama mlinzi wa mifugo anayegawana nyama na mbwa-mwitu.

Kleinias anadhani jibu ni jepesi: tazama ardhi, jua, nyota na majira ya mwaka, tena watu wote, Wagiriki na wageni, wanaamini. Mzee wa Athens anamwonya kwamba haitoshi. Vijana wamekwisha kusikia wataalamu wakisema jua na nyota ni udongo na mawe. Basi anamgeukia kijana asiyeamini, anamwita mwanangu, anamwambia bila hasira kwamba yeye na rafiki zake si wa kwanza kuwaza hivyo, na kwamba miaka itambadilishia mengi. Kisha anatoa hoja yake: kitu kinachosukumwa na kingine hakiwezi kuwa chanzo cha mwendo. Chanzo lazima kiwe kinachojiendesha chenyewe, na kinachojiendesha chenyewe ndicho tunachokiita roho. Kwa hiyo roho ilitangulia mwili, na akili inaongoza mbingu. Hii ni miongoni mwa hoja za kale kabisa za kuthibitisha kwa akili kuwa Mungu yupo.

Baada ya upole huo inafuata adhabu. Asiyeamini lakini mwenye tabia njema atafungwa si chini ya miaka mitano katika sofronisterioni, maana yake mahali pa kumrudishia mtu busara. Hatembelewi na raia yeyote isipokuwa wajumbe wa Baraza la Usiku wanaokwenda kuzungumza naye. Akitoka na kupatikana tena na kosa hilo, atauawa. Mnafiki anayejifanya mganga au mwaguzi ili kuwanyonya watu atafungwa maisha mahali pa ukiwa, na maiti yake itatupwa nje ya mpaka bila kuzikwa, ingawa watoto wake watalelewa na mji kama yatima. Ibada za majumbani zinapigwa marufuku. Anayetaka kutoa sadaka aende kwa makuhani wa umma.

Baraza la Usiku lenyewe hukutana kila siku kati ya alfajiri na macheo. Wamo walinzi kumi wazee kuliko wenzao, makuhani waliotunukiwa, wasimamizi wa elimu wa sasa na waliopita, na kila mmoja huja na kijana wa miaka 30 hadi 40. Kazi yao ni kuchunguza sheria zinalenga nini, na kujifunza kutoka miji mingine. Hapo wanafalsafa wanarudi mjini, safari hii bila taji.

Wako wanaomtetea Plato kwa kusema kwamba adhabu za Athens zilikuwa kali zaidi. Hata kama ni kweli, utetezi huo hautoshi. Aliyeona kwamba sheria ni ya kumshawishi mtu huru alipaswa kuona pia kwamba ushawishi unaosimamiwa na mnyongaji umekwisha kuwa amri. Socrates wa mwaka 399 KK angeishi Magnesia akiuliza maswali yake sokoni, sheria ya kitabu cha kumi ingekuwa na la kumfanyia.

Baada ya Plato

Mwandishi wa kale Diogenes Laertius anasimulia kwamba Nomoi iliachwa juu ya vibao vya nta na kunakiliwa na Philip wa Opus, mwanafunzi wa Plato. Mwandishi mwingine wa kale, Plutarch, anaandika kwamba wanafunzi wengine walitumwa kwenda kuitungia sheria miji halisi: Aristonymus kwa Waarkadia, Phormio huko Elis, Menedemus huko Pyrrha. Mrumi Cicero aliiga jina na mpango wa kitabu alipoandika De Legibus kwa Kilatini. Katika karne ya 10 BK mwanafalsafa al-Farabi aliandika kwa Kiarabu muhtasari wa Nomoi. Kiarabu kilikuwa kimelichukua neno nomos na kulitamka namus, kama kilivyolichukua philosophia na kulifanya falsafa, neno lililotufikia sisi katika Kiswahili.

Mkosoaji wa kwanza alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, Aristotle. Katika Politika alilalamika kwamba wananchi 5000 wasiofanya kazi wangehitaji nchi kubwa kama Babeli ili kulishwa. Hata hivyo alikubaliana na mwalimu wake juu ya jambo kuu, kwamba ni afadhali sheria itawale kuliko mtu yeyote. Mwaka 323 KK, miaka 25 baada ya kifo cha Plato, Aristotle alishtakiwa Athens kwa kuikosea miungu. Hakuingojea kesi. Aliondoka akaenda Chalcis, na huko akafariki mwaka uliofuata.