Nyongo Si Uchafu: Kazi Yake Mwilini na Dalili Zisizofaa Kusubiri

Wengi wa Bukoba na Muleba wakitapika maji machungu ya manjano husema wametoa nyongo, wakajiona wamesafika. Wengine hunywa maji ya majani ya mubilizi makusudi ili watapike. Ijulikane kwamba nyongo si uchafu. Ni msaidizi wa chakula.

Ini hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Kifuko kilicho chini yake, upande wa kulia, huihifadhi kidogo na kuikoleza. Ukila sangara, sambusa au senene wa kukaanga, kifuko hujiminya na kuimwaga katika utumbo mwembamba. Humo asidi za nyongo, ambazo ini huziunda kutokana na kolesteroli, huyavunja mafuta kuwa matone madogo, kama sabuni kwenye sufuria. Bila hizo mwili haupati vizuri vitamini A, D, E na K. Kisha asilimia 95 hivi ya asidi hizo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo huo na kurudi kwenye ini zitumike tena.

Kolesteroli ikizidi katika nyongo, au kifuko kisipojimwaga vizuri, mawe huweza kujijenga. Unene, ujauzito na kukonda kwa haraka huongeza hatari. Mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi Kanda ya Ziwa, huweza kuyapata hata utotoni kwa sababu chembe zake nyekundu za damu huvunjika mapema. Kutapika hakuyatoi.

Mawe yasiyouma mara nyingi huachwa. Yanayosumbua hutibiwa kwa upasuaji wa kuondoa kifuko, na mtu huendelea kuishi vizuri, kwani ini bado hutoa nyongo.

Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, hasa baada ya mlo wa mafuta, yanahitaji kipimo cha ultrasaundi. Yakija na homa, kutetemeka au macho ya manjano, ni dharura. Aliyeko Bumbire, Ikuza au Goziba asikae akinywa dawa za kutapisha; avushwe mapema, apelekwe Rubya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba.

Ikiwa ni Ramadhani, mgonjwa wa namna hii anayo ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 185. Asione haya kuitumia.

Wallahu a'lam.