Shule ya biashara ya Paris na ndugu wawili wa ukoo wa Blanqui

ESCP, chuo cha biashara cha Paris, hakioni haya kutaja umri wake. Kinapojitangaza hutanguliza mwaka 1819 na dai kwamba ndicho shule ya biashara kongwe kuliko zote duniani. Mwaka 2019 kilipotimiza miaka 200, dai hilo lilisikika zaidi.

Wareno wana neno la kusema hapo. Lisbon ilikuwa na Aula do Comércio tangu 1759, iliyoanzishwa enzi za waziri mwenye nguvu, Marquês de Pombal, miaka minne baada ya tetemeko la ardhi lililoubomoa mji huo. Vijana walifundishwa hesabu, vipimo, ubadilishaji wa fedha na utunzaji wa vitabu vya biashara. Watetezi wa Paris hujibu kwamba ile ilifungwa mwaka 1844, kwa hiyo haihesabiki. Mimi nawapa Wareno haki ya kutangulia, na Wafaransa haki ya kudumu. Na hapo kwenye kudumu ndipo kuna kisa, maana mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuisimamisha shule ya Paris ni nadra kutajwa bila watu kuuliza kama ndiye yule mfungwa.

Mwanzo wenyewe unajulikana. Tarehe 1 Desemba 1819, wafanyabiashara wawili, Amédée Brodart na Germain Legret, walifungua shule maalumu ya biashara na viwanda. Nyuma yao alikuwapo Jean-Baptiste Say, mchumi aliyewahi kumiliki kiwanda cha nyuzi za pamba, pamoja na Vital Roux, mfanyabiashara aliyeshiriki kuandaa sheria za biashara za Ufaransa. Roux alikuwa ameandika tangu mwaka 1800 kwamba biashara ifundishwe kwa kuifanya darasani. Hadi wakati huo kijana aliyetaka kuwa mfanyabiashara alipelekwa dukani kwa mtu, akafagia, akabeba mizigo, akanakili barua, na baada ya miaka kadhaa labda akaonyeshwa daftari la hesabu. Roux alitaka wanafunzi wagawane nyumba za biashara za kubuni: huyu yuko Bordeaux, yule Hamburg, mwingine Marseille. Waandikiane barua, wauziane shehena, walipane kwa hawala, kisha wafunge vitabu waone nani kapata faida na nani kafilisika. Leo vyuo vinafanya mchezo huohuo kwa kompyuta na kuuita ubunifu.

Kwa miaka kadhaa shule ilipanga katika Hôtel de Sully, jumba la karne ya 17 karibu na uwanja wa Bastille. Ilikuwa mali ya watu binafsi, ikitegemea ada za wazazi, katika nchi ambayo wenye elimu waliona biashara kuwa kazi ya watu wa kaunta. Mwaka 1830 Ufaransa ilimpindua mfalme mmoja ikamweka mwingine, na mwaka huohuo shule ikapata mkurugenzi mpya: Adolphe Blanqui, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Nice, mwanafunzi wa Say.

Msomaji anayeijua historia ya Ufaransa ataruka kwenye jina la Auguste, mdogo wake. Baba yao alikuwa mbunge wakati wa Mapinduzi Makuu, na baadaye mtawala wa wilaya chini ya Napoleon. Napoleon alipoanguka, naye akaanguka. Adolphe akatangulia Paris, akapata kazi ya ualimu, kisha akamleta mdogo wake asome katika shule ileile aliyokuwa akifundisha. Auguste alikuwa na akili kali. Kaka yake alitarajia makubwa kutoka kwake, na hakukosea, ila makubwa yenyewe hayakuwa yale aliyotaka.

Tarehe 12 Mei 1839, siku ya Jumapili, Auguste Blanqui na wenzake wa chama cha siri walivunja maduka ya bunduki na kuvamia jumba la manispaa ya Paris. Walidhani umma ungetoka na kuwafuata. Umma ulibaki ndani, na uasi ukazimwa upesi. Auguste alijificha miezi kadhaa, akakamatwa, akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Mont-Saint-Michel, ile ngome ya baharini ambayo leo watalii hupiga foleni kuingia.

Fikiria hali ya mkurugenzi wakati huo. Wateja wake ni mabenki, wenye viwanda na wenye meli, watu wanaomkabidhi watoto wao wafundishwe kulinda mali. Jina lililo chini ya barua za shule ndilo jina lililo magazetini la mtu aliyetaka kuwanyang'anya mali hiyo. Adolphe hakulibadilisha wala hakujiuzulu. Aliendelea kufundisha, kuandika na kutetea biashara huria, na mwaka 1846 wapiga kura wa Bordeaux, mji wa wauza mvinyo, wakampeleka bungeni.

Lakini anayemchora Adolphe kama tajiri aliyeridhika hamtendei haki. Historia yake ya uchumi wa siasa ya mwaka 1837 ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kuyaita mabadiliko ya viwanda mapinduzi. Baada ya umwagaji damu wa Juni 1848, wafanyakazi wa Paris walipoasi, alitumwa na Akademia ya Sayansi za Maadili na Siasa kukagua hali ya wafanyakazi. Huko Lille alishuka ndani ya vyumba vya chini ya ardhi walimoishi familia za wafumaji: mlango ndio dirisha, unyevu ukutani, watoto waliodumaa. Aliyaandika hayo katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1849. Tiba aliyopendekeza haikuwa ya mdogo wake, ila maradhi waliyoyaona yalikuwa yaleyale. Alifariki Januari 1854, Auguste akiwa kifungoni katika kisiwa cha Belle-Île. Mdogo huyo aliishi hadi 1881, na zaidi ya miaka 30 ya maisha yake aliimaliza gerezani.

Yaliyofuata yanaelezeka kwa haraka. Chama cha wafanyabiashara wa Paris kiliinunua shule mwaka 1869. Mwaka 1881 chama hichohicho kikaanzisha HEC, ambayo kwa sifa ilikuja kumpita dada yake mkubwa. Mwaka 1898 shule ikahamia avenue de la République. Mwaka 1973 chama kikaanzisha chuo kingine, EAP, kilichowasomesha wanafunzi wake miaka mitatu katika nchi tatu na kwa lugha tatu. Vyuo hivyo viwili viliungana mwaka 1999, na huko ndiko ilikotoka sifa ya kampasi nyingi: leo kuna Paris, London, Berlin, Madrid, Turin na Warsaw, mbali na vyuo washirika vya mabara mengine. Mwanafunzi anaweza kuanza shahada Paris na kuimalizia Berlin, akahesabu hayo kuwa mambo ya kawaida.

Mimi sina ugomvi na kampasi nyingi. Ninachokidai ni kidogo: wanaojivunia mwaka 1819 wamkumbuke pia mkurugenzi wa 1830, na ripoti yake ya Lille iwe kitabu cha lazima kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kabla hajafundishwa kusoma mizania ya kampuni.