Modeli Iliyosema Kila Kitu ni Sawa

Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1996, Ariane 5, roketi mpya ya Ulaya, iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Ilibeba setilaiti 4 za mradi wa Cluster, za kuchunguza uga wa sumaku unaoizunguka dunia. Sekunde 37 baada ya injini kuu kuanza kuwashwa, kompyuta zilizoieleza roketi iko wapi na inaelekea wapi zikazima. Roketi ikapinda ghafla, ikaanza kukatika, ikajilipua ikiwa kimo cha mita 3,700 hivi.

Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions ilikipata chanzo: namba moja. Programu ya kompyuta hizo ilirithiwa kutoka Ariane 4. Sehemu yake moja ilichukua namba ya biti 64 na kujaribu kuiingiza kwenye nafasi ya biti 16, ambayo haivuki 32,767. Ariane 4 haikuwahi kufikia hapo. Ariane 5, yenye nguvu zaidi, ilishika kasi ya kwenda upande mapema zaidi, namba ikafurika. Kompyuta ya akiba nayo haikusaidia, kwani ilikuwa na programu ileile, na ilikuwa imeshazima sehemu ndogo ya sekunde kabla ya mwenzake. Kinachouma ni kwamba hesabu hiyo haikuwa na kazi yoyote tena baada ya roketi kuondoka ardhini.

Je, hawakufanya majaribio? Walifanya, tena mengi. Kabla ya kuruka, safari nzima iliigizwa maabara: kompyuta kuu ikapewa anga la kubuni na injini za kubuni, ikaongoza roketi isiyokuwepo. Ndivyo kompyuta zinazopachikwa ndani ya mashine zinavyopaswa kujaribiwa, kwa kuwa kosa la kwenye modeli hugharimu saa chache tu za kazi. Lakini katika majaribio hayo kifaa halisi cha mwelekeo hakikuwekwa. Nafasi yake ilichukuliwa na modeli iliyotoa majibu ambayo kifaa kilitarajiwa kutoa. Sababu zilisikika za busara: kifaa kilishathibitishwa peke yake, na kukilisha vipimo sahihi maabara ni kazi ngumu. Hata kilipothibitishwa, hakikupewa njia ya kuruka ya Ariane 5.

Modeli ya kifaa, basi, ilijua tu yale ambayo waliomtengeneza Ariane 5 waliyaamini. Haikuwa na ile namba ndani yake, hivyo haikuweza kufurika wala kuzima.

Baada ya ajali, wahandisi waliichukua programu halisi ya kifaa, wakaiwekea kompyuta data ya njia ambayo roketi ilipita siku ile. Ikaanguka vilevile, hatua kwa hatua. Jaribio hilo lingewezekana kabla ya Juni 1996. Kamati ikapendekeza majaribio yatumie vifaa halisi kwa kadiri inavyowezekana, yapewe data inayofanana na ya safari yenyewe, na yakamilike kabla ya kila safari.

Wanasayansi wa Cluster walianza upya. Setilaiti 4 nyingine zilirushwa mwaka 2000, mbili mbili, kwa roketi za Soyuz kutoka Baikonur.