Ngoma Zilizotangulia Habari

Kabla msomaji hajatamka neno, nchi nzima ilikuwa imekwishasikia ngoma. Kwa miongo mingi Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilifungua taarifa ya habari kwa ngoma tupu, bila mwimbaji, gitaa wala tarumbeta. Mkulima wa Nachingwea aliyekuwa akipukuchua mahindi na mwenye duka wa Ruangwa aliyekuwa akifunga hesabu za siku walijua kwamba zikilia hizo, watoto wanyamazishwe.

Mpigaji alikuwa mtu mmoja. Asiyeijua habari hii husikiliza mara ya pili akitafuta wenzake, lakini hawapo. Ni Mzee Morris Nyunyusa, mwenyeji wa mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, mtu asiyeona, aliyezungukwa na ngoma zaidi ya kumi za ukubwa mbalimbali na kuzipiga peke yake.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, inafaa kujua ngoma za kusini zinavyofanya kazi. Katika uwanja wa Wamakonde au Wamwera kila ngoma ina mwenyewe. Kinganga, kile kidogo chenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, hupigwa kwa vijiti viwili vyembamba na kushika mwendo bila kupumzika. Ngoma za kati hukijibu. Ile kubwa ndiyo inayosema na wachezaji: ikibadilika, na viuno hubadilika. Kabla ya kuanza, ngozi hupashwa moto wa majani makavu, mpigaji akiigonga kwa vidole na kuirudisha motoni mpaka sauti anayoitaka itoke. Ngozi ikipoa katikati ya mchezo hulegea na sauti huzama, kwa hiyo moto hauzimwi usiku kucha.

Mzee Morris aliichukua kazi ya kundi zima akaiweka katika mikono miwili. Kwa kuwa kila ngoma ilikuwa na sauti yake, juu au chini, alichokipiga hakikuwa mdundo tu. Kilipanda na kushuka kama wimbo, na ndiyo maana kilikaa kichwani mwa watu ambao hawajawahi kufika Lindi.

Sauti ya namna hiyo kupewa mlango wa habari si jambo la kubahatisha. Desemba 1962, alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na katika hotuba yake akawasuta waliosoma: wamejifunza rumba, chachacha na hata rock'n'roll, lakini ni wangapi wanaozijua ngoma za kwao? Redio, iliyoanza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam na kuwa RTD mwaka 1965, ilikuwa chombo cha kwanza cha kulijibu swali hilo. Redio za nchi nyingine nazo zilikuwa na sauti zao za utambulisho. BBC kwa miaka mingi ilitambulishwa duniani kwa Lilliburlero, wimbo wa karne ya 17. All India Radio ilipata utambulisho wake kutoka kwa Walter Kaufmann, mkimbizi Myahudi kutoka Ulaya. Tanzania iliupata wake kusini, sehemu ambayo wengi mjini walizoea kuiona kama mwisho wa barabara.

Nako kusini hakukuwa kumelala. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake makuu pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yalishushwa, reli ikajengwa kutoka pwani, vibarua wakamiminika kutoka huku na huko. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36, na baadaye reli yenyewe iling'olewa. Katika miaka ya 1960 Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Wapiganaji waliotoka ng'ambo ya Ruvuma walifundishwa hapo silaha, kilimo na kusoma, huku sauti ya chama chao ikirushwa kuelekea Msumbiji kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo kwa watu wa huko habari za vita hivyo hazikuwa za mbali. Wahusika walikuwa jirani zao.

Wapenzi wa rock wanalijua jambo hili la kufungua kwa ngoma kwa sura nyingine. Albamu ya bendi ya Pink Floyd ya mwaka 1973, The Dark Side of the Moon, hufunguliwa na kipande kisicho na uimbaji, na yale mapigo ya moyo yanayosikika mwanzoni ni ngoma kubwa ya besi iliyofunikwa ili sauti iwe nzito. Bendi hiyo ilihitaji studio ya London na utepe uliokatwakatwa. Mzee Morris alihitaji kukaa katikati ya ngoma zake. Umahiri wake ulimfikisha pia Japani, kwenye maonesho ya Expo 70 mjini Osaka.

Miaka ya 1990 ilileta redio binafsi na vionjo vya kinanda vilivyotengenezwa kwa kompyuta, vingi vikiwa havina nchi. RTD ikaunganishwa na televisheni ya taifa kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania (TUT), kisha mwaka 2007 likaja Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Majina yakabadilika, utepe ukawa faili, lakini ngoma zikavuka salama. Ruangwa nayo, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea, ikawa wilaya mwaka 1995, na leo vijana wake husikia habari kwenye simu, nyingi zikiwa hazina ngoma wala kinanda.

Kinachokera ni kwamba sauti imekuwa maarufu kuliko mwenyewe. Mtangazaji hutajwa jina kila siku, na fundi mitambo naye hushukuriwa. Aliyefungua taarifa hatajwi. TBC ingeweza kulitaja jina la Morris Nyunyusa japo mara moja kwa wiki, baada tu ya pigo la mwisho. Sekunde tatu zinatosha. Na halmashauri za Nachingwea na Ruangwa zingefanya vyema kuwarekodi wazee wanaojua kuipasha moto ngozi ikalia inavyotakiwa, wakati bado wapo.