Stempu za Kwanza za Mombasa na Herufi Iliyosogea

Itazame kwa kioo cha kukuzia stempu ya Uingereza ya peni 5, toleo la 1887, iliyopigwa juu yake maneno "BRITISH EAST AFRICA COMPANY" na thamani mpya ya ana 4. Kwa kawaida B ya "BRITISH" husimama baina ya S na T za "EAST". Ukiikuta imesogea kushoto ikakaa barabara juu ya S, jua stempu hiyo ilikuwa ya pili katika safu yake. Kila safu ya karatasi ile, ya pili ndiyo iliyosogea. Karatasi zenyewe zilichanwa zamani zikatawanyika duniani, lakini hiyo moja iliyobaki bado inakwambia ilikokuwa.

Ni mojawapo ya stempu tatu za kwanza za Mombasa, zilizotolewa tarehe 23 Mei 1890. Ya peni 1 iligeuzwa nusu ana, ya peni 2 ikawa ana 1, na hiyo ya peni 5 ikawa ana 4. Aliyezitoa alikuwa Imperial British East Africa Company, kampuni ya Sir William Mackinnon iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888 na kuweka makao yake hapa kisiwani. Wakati huo vyombo vilitia nanga Bandari ya Zamani, chini ya Mji wa Kale, na pesa iliyokuwa ikizunguka ni rupia ya Kihindi, yenye ana 16. Stempu za kampuni zilikuwa bado ziko kwa wachapaji na barua hazingoji, kwa hiyo Malkia Victoria akabebeshwa hesabu ya Bombay.

Kutafuta mahali stempu ilipokaa kwenye bamba la chapa ni kazi ya zamani ya wakusanyaji. Peni Nyeusi ya 1840, stempu ya kwanza duniani, ilitoka na jibu lake mkononi. Karatasi moja ilikuwa na stempu 240, safu 20 za stempu 12, na kila stempu ina herufi mbili kwenye pembe za chini: ya kwanza AA, ya mwisho TL. Nia ilikuwa kuwatatiza waghushi. Stempu za Mombasa hazikupewa herufi hizo. Hapa anayetafuta hutegemea kasoro tu, na bahati nzuri kasoro hazikukosekana.

Oktoba 1890 zilifika stempu za kampuni yenyewe, zenye jua na taji, zilizochapwa London na Bradbury, Wilkinson & Co. kwa njia ya jiwe. Mchoro mmoja hunakiliwa kwa karatasi laini yenye wino wa mafuta, nakala zikapangwa moja baada ya moja na kulazwa juu ya jiwe. Katika kulaza huko, punje ya vumbi au mkunjo mdogo hutosha kukata mstari, na jiwe halisahau: alama ile hutoka pale pale kwenye kila karatasi. Inayojulikana kuliko zote iko kwenye ya ana 1, ambapo D ya neno "AND" ilivunjika hata ikasomeka kama L, na wakusanyaji wanaiita "ANL". Anayeshika moja kati ya hizo hahitaji karatasi nzima kujua ilikotoka.

Mwaka 1891 thamani ndogo zilikwisha, na wakubwa wa ofisi wakashika kalamu. Stempu za ana 2, 3 na 4 ziliandikwa thamani mpya kwa wino mweusi au kupigwa muhuri, kisha mtu akatia herufi za jina lake: A.D. ni Andrew Dick, mhasibu mkuu, A.B. ni Archibald Brown, mtunza fedha. Dick baadaye aliacha hesabu akawa mfanyabiashara wa bara, akauawa Bonde la Kedong mwaka 1895 katika mapigano na Wamaasai. Stempu hizi huwezi kuzipangia bamba. Wino wa kalamu hauna safu wala jirani, na kila saini ina mkono wake siku hiyo. Ndipo waghushi walipopata mlango. Kwa maoni yangu, iliyobanduliwa haina haja ya kununuliwa; nataka iliyo juu ya bahasha yake, na muhuri wa posta unaosomeka.

Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza iliichukua nchi kutoka kwa kampuni. Siku nane baadaye stempu za jua na taji zilizosalia zilipigwa muhuri hapa Mombasa, "BRITISH EAST AFRICA", moja moja kwa mkono, nyingine mara mbili. Nazo hazina nafasi ya kutafuta.

Zilipopungua, zililetwa stempu za India na kupelekwa Unguja, kwenye kiwanda cha gazeti la Zanzibar Gazette, zikapigwe jina jipya kwa herufi za risasi. Zilianza kutumika mwishoni mwa Oktoba. Hapo mtafutaji hurudi kazini kwa furaha, kwa sababu herufi zilizopangwa hukaa mahali pake mpaka mtu azibadilishe. Mpangaji aliweka tarakimu 1 palipostahili i, zikatoka "Br1tish" na "Afr1ca". Kwingine l ikachukua nafasi hiyo, ikawa "Britlsh". Kila kosa lina kiti chake katika mpangilio, na kwa kulilinganisha na majirani zake mtu huweza kuijenga karatasi upya, kipande kwa kipande.

Novemba mwaka huo huo kiwanda kile kile kilipiga jina la Zanzibar juu ya stempu za India kwa matumizi ya Unguja yenyewe. Zipo zilizotoka "Zanzidar", na nyingine "Zanibar".